Wimbo wa Mikono ya Bugali

Siku hizi timu ya kikapu ya Inkuba ya Kamembe ikicheza nyumbani, unaweza kusikia viatu vikilia juu ya sakafu. Unamsikia kocha akikohoa. Unausikia mpira ukigonga chuma, kisha ule mlio mdogo wa wavu unapokubali. Zamani mambo hayo hakuyasikia hata mwamuzi aliyekuwa katikati ya uwanja, kwa sababu safu ya tatu, upande wa lango kuu, ilikuwa ya Maman Clarisse, na Maman Clarisse alipofungua kinywa, jukwaa zima lilifungua pamoja naye. Nafasi yake bado ipo, katikati kabisa ya safu, na hakuna anayeikalia. Watu huweka pale koti au mwavuli. Mara mojamoja mtu mwenye moyo huanzisha wimbo, wenzake humfuata kwa haya mpaka ubeti wa pili, kisha unakufa kama moto wa majani mabichi.

Jina lake la ubatizo ni Véronique Uwimbabazi. Alizaliwa Bukavu, akavuka mpaka kuja Kamembe, upande wa Rwanda, akiwa mama kijana na bintiye Clarisse mgongoni, na tangu hapo ameuza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa Kivu, katika soko kubwa, mahali palepale, karibu na wauzaji wa maharage. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ambayo mumewe, Valens, husema ilitengenezwa kwa ajili ya mlima ikatupwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Miaka mingi aliongoza kwaya kanisani. Huko alijifunza kwamba watu hawaupendi wimbo kwa sababu ni mzuri. Wanaupenda kwa sababu wameurudia.

Ujuzi huo aliupeleka uwanjani. Mashabiki wa timu nyingine hupiga vuvuzela na kupayuka ovyo. Wa Inkuba walikuwa na sauti ya kwanza, sauti ya pili na besi. Kila Alhamisi soko likifungwa walikutana nyuma ya ghala la maharage na kufanya mazoezi. Besi ilikuwa ya madereva wa moto, yaani pikipiki za abiria, chini ya Mudathiru, kijana mnene aliyeendesha pikipiki kama mtu anayechelewa ubatizo wa mwanawe mwenyewe, ingawa alikuwa Mwislamu. Sauti ya pili ilikuwa ya wanawake wafanyabiashara wa Bukavu, waliovuka mpaka asubuhi na vitenge vyao na kukawia makusudi ili waimbe. Kila mchezaji wa Inkuba alikuwa na wimbo wake wa sifa. Kila adui wa maana alikuwa na wimbo wake wa dharau. Sheria ilikuwa moja: humgusi mama yake, wala alikotoka. Unamgusa mikono, miguu na chakula.

Na adui wa maana alikuwa mmoja tu, Umuhengeri ya Karongi. Inkuba maana yake ni radi. Umuhengeri ni yale mawimbi mabaya ya Kivu yanayopindua mitumbwi. Miji yote miwili iko kando ya ziwa moja, na kila mmoja unasema ziwa ni lake. Umuhengeri walikuwa na Iradukunda, mtu mrefu, mpole wa uso, mwenye kudaka kila mpira unaorudi kutoka kwenye ubao. Kitu kimoja tu kilimshinda: mitupo huru. Akisimama pale kwenye mstari, peke yake, alikuwa anafikiri. Maman Clarisse aliliona hilo kabla ya makocha, akamtungia:

*Iradu, Iradu, mikono ya bugali,*
*mpira imenata, nani ataiosha?*

Ndiyo yote. Mistari miwili, ikirudiwa polepole kama wimbo wa msiba, na besi ikiuliza kwa chini, *nani? nani?* Jukwaa zima la Kamembe lilisimama likakung'uta vidole kama watu waliotoka kula ugali bila maji ya kunawa. Iradukunda alikosa. Msimu uliofuata akakosa tena, na Karongi walirudi kwao wakinuna njia nzima ya kando ya ziwa.

Kwa upande wetu alikuwepo Hugues Mukengere, mtoto wa Bukavu, mpana kama kabati, aliyesimama chini ya kikapu na kufunga njia. Wimbo wake ulimwita mlango wa Kivu. Ni kwa ajili yake wale wanawake wa Bukavu walianza kuja.

Siku habari ilipofika, Mudathiru alisimamisha pikipiki mbele ya meza ya sambaza bila kuizima.

"Maman, umeangalia téléphone?"

"Nitaangalia na macho gani? Niko na bantu hapa. Zima hiyo kitu, samaki itanuka moshi."

Akazima. "Hugues amekwenda Karongi."

"Kutembea?"

"Kucheza."

Maman Clarisse alimalizia kumfungia mteja wake, akamshukuru, akamtakia siku njema. Kisha akageuka.

"Na Karongi batatupatia nani?"

Mudathiru akaanza kukagua tairi la mbele. "Iradukunda."

"Iradukunda gani?"

"Maman, iko moja tu."

"Ule wa bugali?"

"Ule wa bugali."

Akakaa juu ya kigunia chake. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka ya karibuni kila dirisha la usajili lilimwachia nyimbo zisizo na wenyewe. Mfungaji mmoja aliondoka siku ileile kwaya ilipoumudu ubeti wa mwisho wa wimbo wake. Mwingine, Mmarekani, alitungiwa wimbo wenye maneno mawili ya kikwao, ambayo Clarisse aliyatafuta kwa taabu, na akacheza mara mbili tu akapanda ndege. Lakini hawa walikuwa wapita njia. Safari hii wamebadilishana nguzo za nyumba, na hakuna aliyeuliza waliokaa ndani.

Alikwenda moja kwa moja kwa Vénuste, katibu wa klabu, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la simu karibu na kituo cha mabasi. Vénuste alikuwa mtu wa tai na tabasamu, mwenye kusema na kila mtu kama vile mtu huyo amefiwa.

"Karibu, Maman Clarisse. Najua. Inauma. Lakini basket ya leo ni contrat, ni karatasi tu. Mchezaji anaingia, anatoka."

"Na mimi je? Lile jukwaa yote nimelifundisha kuchukia huyu kijana. Nimelifundisha muzuri, sauti tatu. Sasa ile chuki niiweke wapi, katika frigo?"

"Tunga wimbo mpya. Wewe ni artiste."

"Artiste!" Alisimama. "Munamuleta kama vile munabadilisha ampoule ya taa. Mimi ndiye nitamueleza mama wa miaka sabini kwamba ule alikuwa namutukana juzi sasa ni mutoto wake. Wewe njo jukwaani umueleze!"

Vénuste akatabasamu kwa huzuni, akamfungulia mlango.

Mambo yaliharibikia kwanza kwenye sauti ya pili. Mama Mulume, kiongozi wa wale wanawake wa Bukavu, alikuja Alhamisi ile akasimama pembeni, hakuvua hata kitambaa.

"Dada, usikasirike. Mi nilikuwa navuka mupaka juu ya Hugues. Ni mutoto wetu."

"Kwa hiyo unakwenda Karongi?"

"Karongi ni mbali. Lakini bakikuja hapa, nitakaa upande yao."

"Utaimba nini kule? Bale habajui hata kupiga makofi pamoja."

"Nitabafundisha," akasema Mama Mulume, na Maman Clarisse akajua kwamba hakuwa anatania.

Hivyo ndivyo uhasama ulivyogeuka. Ulikuwa wa miji miwili, kila mmoja na adui wake anayeishi mbali, jambo ambalo kila mtu analimudu. Sasa ukaingia sokoni, kati ya meza ya vitenge na meza ya sambaza, kati ya watu waliokopeshana chumvi.

Majuma yalikuwa machache kabla ya pambano la kwanza, sauti ya pili imekatika nusu, na kwaya haiwezi kujifunza tuni mpya kwa haraka hivyo. Maman Clarisse akafanya kosa ambalo mwalimu wa kwaya asingelisamehe kwa mwanafunzi wake. Aliacha tuni ileile ya Iradukunda, akabadilisha maneno. Mikono ya bugali ikawa mikono ya chuma. Kwaya iliyashika siku hiyohiyo, wakapongezana. Alisahau kwamba kwaya ni watu wa Alhamisi, na jukwaa ni watu wa Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Hugues aliingia amevaa bluu ya Karongi, na alipofunga mara ya kwanza nusu ya jukwaa la Kamembe ilisimama ikamwimbia mlango wa Kivu kabla ya kukumbuka. Maman Clarisse mwenyewe alijikuta kinywa kiko wazi, akakifunga kwa kiganja.

"Mukae chini!" akapiga kelele. "Ule si wetu tena! Mukae!"

"Maman, mbona wewe umesimama?" mtu akamuuliza kutoka nyuma.

Dakika za mwisho Inkuba walikuwa nyuma kwa pointi moja, Iradukunda akachezewa vibaya, akaenda kwenye mstari kutupa mara mbili. Maman Clarisse aliinua mkono, akaanzisha wimbo mpya, na kwaya ikaitika vizuri, *mikono ya chuma*. Lakini tuni ilipopanda kwenye safu za juu, ilikutana na watu wasiojua mazoezi wala maneno mapya. Walijua wimbo huu. Walikuwa wameuimba kwa furaha misimu yote. Wakaitika kwa kifua kizima: *mikono ya bugali!* Wakakung'uta vidole. Upande wa pili mashabiki wa Karongi, ambao nao waliujua kwa uchungu wote, walisita kidogo, wakatazamana, kisha wakajiunga, Mama Mulume akiwapangia sauti. Uwanja mzima ukawa kwaya moja.

Iradukunda aliinua macho akatazama jukwaa lake mwenyewe. Mpira wa kwanza uligonga chuma. Wa pili haukufika hata kwenye chuma.

Jumatatu asubuhi alikuja sokoni. Watu walimpisha njia kwa sababu ya urefu, na pengine kwa sababu ya aibu. Alivua kofia mbele ya meza ya sambaza, na Maman Clarisse akajiandaa kutukanwa.

"Mama, wimbo yako ni nzuri sana."

"Usinichekeshe, kijana."

"Ni kweli. Niko nayo kichwani hata nikioga. Nikisimama pale, mikono inakuwa mizito. Hata kama hakuna mtu ameimba." Alisema kwa utulivu, kama anayemweleza daktari. "Nilitaka kuuliza kama unaweza kubaambia baache."

"Bantu habaachi. Banasahau tu, na mimi nimebafundisha muzuri, habatasahau." Alikasirika tena, hakujua kamkasirikia nani. "Kocha anasema nini?"

"Anasema nifikirie vitu vizuri."

"Mungu wangu. Kesho asubuhi uko wapi?"

"Uwanjani."

"Nitakuja."

Akaja kweli, kabla ya soko, na beseni lake la sambaza akaliweka kwenye kiti cha kocha. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Alimwambia Iradukunda asimame kwenye mstari, akaimba. Aliimba dharau ile yote peke yake, sauti ya kwanza, akarukia ya pili, akashuka kwenye besi mpaka akakohoa. Mpira uligonga chuma, ukaruka, ukaenda kugonga beseni.

"Usiniangalie mimi! Mimi ni kelele! Unaangaliaka kelele?"

"Samahani, Mama."

"Na usiseme samahani. Tupa."

Hivyo ndivyo walivyofanya, asubuhi kwa asubuhi. Alikuwa hawezi kuutoa wimbo vinywani mwa watu wote wale. Alichoweza ni kuuchosha masikioni mwa mtu mmoja. Aliimba akichambua samaki. Aliimba kwa hasira, kwa uvivu, kwa mwendo wa harusi. Ilikuja siku Iradukunda alicheka katikati ya mtupo na mpira ukaingia. Baadaye akaanza kuitika besi mwenyewe, *nani? nani?*, huku akitupa, na mipira ikawa inapita wavuni kama maji. Katika mechi za timu, katikati ya kelele, alikuwa mtu mwingine; mitupo iliingia. Jumapili alikula kwa Maman Clarisse. Valens alimpenda kwa sababu alibadilisha taa ya dari bila kupanda kiti.

Asubuhi moja mafua yalimkamata Maman Clarisse, sauti haikutoka hata kidogo. Alikaa tu akatazama. Iradukunda alikosa, akakosa, akakosa tena. Akaja akachuchumaa mbele yake, hata hivyo akawa mrefu kuliko yeye aliyekaa.

"Mama, imba, hata kidogo."

Akamwonyesha koo.

"Kukiwa kimya niko nasikia moyo yangu," akasema. "Wimbo hainifanyi kitu tena. Ni kimya ndiyo mbaya. Usimwambie mtu."

Akatikisa kichwa kwamba hatamwambia.

Kisha likaja dirisha dogo la katikati ya msimu. Goti la Hugues lilikuwa limeumia huko Karongi, Umuhengeri walihitaji mtu mrefu upesi, na viongozi wa Inkuba walikubali kumrudisha Iradukunda, wakapewa vijana wawili wa kuendelezwa. Safari hii Maman Clarisse hakwenda ofisini kwa Vénuste. Clarisse alimsomea kwenye simu, naye akaendelea kuosha sahani moja mpaka bintiye akamnyang'anya.

Iradukunda alikuja kuaga, begi mkononi, akainama mlangoni.

"Mama, sikuomba."

"Najua. Kaa ukule kwanza."

Alikula. Walimsindikiza mpaka kwenye basi, na Valens akasema ni kijana mzuri, na mkewe akamwambia anyamaze.

Pambano la pili lilikuwa tena Kamembe. Juma lile Vénuste alifika nyumbani kwao, yeye mwenyewe na tai yake, Mudathiru nyuma yake. Akakaa, akasifu chai, kisha akainama mbele.

"Maman, ulikuwa naye asubuhi zote zile. Anaogopa nini?"

"Ni yeye amekuuza?" akasema Maman Clarisse. "Ama ni wewe umemuuza?"

"Maman, tukipoteza hii tunashuka chini ya Karongi. Ni mashindano yetu yote."

Mudathiru alikuwa anazungusha kikombe. "Mi nimefikiri kitu. Wimbo, ameizoea. Juzi kule Huye niliona ameiitikia mwenyewe. Kama tunyamaze? Jukwaa yote, kimya kabisa. Itamuchanganya."

Maman Clarisse alimtazama kijana huyu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusikiliza, na kwa mara ya kwanza akajuta kwamba alijifunza vizuri. Akacheka kwa sauti.

"Kamembe inyamaze? Hawa bantu habanyamazi hata katika mazishi. Batacheka, atacheka, mpira itaingia."

"Kwa hiyo tufanye nini?" Vénuste akauliza.

"Anaogopa wimbo."

"Bado?"

"Bado. Anajikaza tu. Muimbe kwa nguvu."

Vénuste alishukuru sana. Mudathiru aliendelea kuzungusha kikombe.

Mechi ilikuwa ngumu na mbaya, ya visukusuku na filimbi. Hugues alikaa kwenye benchi la bluu na goti lililofungwa, Mama Mulume nyuma yake. Wale vijana wawili wa kuendelezwa walicheza wakiwa na hofu. Mwishoni pointi zilikuwa sawa, na Iradukunda akachezewa vibaya chini ya kikapu, mbele ya safu ya tatu.

Alikwenda kwenye mstari. Na hapo, kwa uzito wa saa yenyewe tu, bila mtu kupanga, jukwaa likanyamaza. Kila mtu alikuwa ameshika pumzi. Iradukunda aliupiga mpira chini mara moja, akaushika. Maman Clarisse aliona vidole vyake. Aliona kifua kikipanda. Mudathiru, kando yake, aliinua mkono polepole kuwaonya watu wa besi wasianze.

Maman Clarisse alisimama. Aliimba kama hajawahi kuimba, kichwa nyuma, mishipa ya shingo nje, *Iradu, Iradu, mikono ya bugali*, na jukwaa likafurahi kupata pa kupumulia, likaitika lote, vidole vikakung'utwa mpaka juu kabisa. Iradukunda hakuinua macho. Midomo yake tu ilicheza kidogo, ikifuata besi. Mpira wa kwanza ulipita wavuni. Wa pili pia.

Karongi wakashinda. Wakati watu wanatoka, wakigombana kama kawaida juu ya kocha, Mudathiru alibaki amekaa.

"Maman, ulijua."

Alikunja kitenge chake, akachukua mfuko. "Nyumbani kuna kazi," akasema.

Maman Clarisse hakumwambia mtu, na Mudathiru naye aliitunza siri hiyo. Juma lililofuata Maman Clarisse hakuja uwanjani, na lililofuata hivyohivyo. Vénuste alituma ujumbe, akatuma watu, akaahidi kumpa kofia ya klabu yenye jina lake. Hakuwa anaumwa na hakuwa anatubu. Alikuwa amechoka, akiwa na hasira ileile aliyotoka nayo ofisini siku ya kwanza.

"Benye kuuza bauze," alimwambia Valens. "Lakini basiniombe nichukie kwa ratiba."

Parokia moja huko Gashonga ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha kwaya ya wanawake. Walimpa achague siku, akachagua Jumamosi alasiri. Sasa, saa ambayo Inkuba inacheza, Maman Clarisse yuko Gashonga, ndani ya kanisa la matofali katikati ya migomba, anafundisha sauti ya pili.